Bodi la Baba Mkwe

Kutu ilianza na doa moja dogo karibu na mlango wa nyuma wa pikapu, ukubwa wa sarafu, na Dereva alipoliona alilipaka rangi ya kucha ya mkewe akalisahau. Miaka mitatu baadaye, pale palipopakwa rangi ya kucha ndipo palipokuwa imara kuliko kwingine kote. Kwingine bodi la nyuma, lile sanduku la bati la kubebea mizigo, lilikuwa limeliwa hadi ukisimama juu yake unaiona barabara.

Kazi yake ilikuwa kubeba mchanga, kokoto, matofali na samadi, na kwa pikapu hiyo ndiyo nyumba ilikuwa ikila. Mchanga ndio ulioanza kumuumbua. Alikuwa akitoka machimboni mzigo umejaa hadi ukingoni, akifika kwa mteja unakuta umepungua kama nywele za mtu mzima. Mteja anamtazama. Yeye anatazama pembeni, anasingizia upepo. Alibandika maboksi, akabandika mifuko ya saruji, akabandika zulia la zamani la sebuleni, na mchanga ukaendelea kutafuta njia zake.

Siku moja alisimamishwa njiani na bwana mmoja asiyemjua, akiwa na beseni na ufagio. Bwana yule alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa moyo wote. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mpya umefika kiunoni. Alisema amekuwa akizoa mchanga unaomwagika barabarani tangu mwezi uliopita, na Mungu ambariki Dereva, ila kama hatajali, ule wa Jumanne ulikuwa na chengachenga nyingi, haufai kwa lipu. Dereva aliitikia kuwa atajitahidi. Alikuwa ameshaondoka hatua mia mbili ndipo akajiuliza amekubali nini.

*

Mambo yaliharibika kabisa siku aliyombeba beberu.

Alikuwa beberu mkubwa, mwenye ndevu na dharau, amefungwa kamba katikati ya bodi. Foleni ilikuwa ndefu na magari yalitambaa. Dereva alisikia kishindo kidogo nyuma, akadhani mnyama amelala, akaendelea. Akashangaa tu kuona watu wa pembeni wanaacha shughuli zao na kumfuata kwa macho, mmoja akaketi chini kabisa huku ameshika mbavu.

Mbele kulikuwa na askari wa barabarani. Alinyoosha mkono, Dereva akasimama. Askari aliizunguka pikapu polepole, akainama, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaja dirishani.

"Gari lako lina miguu," alisema.

Dereva alishuka. Ilikuwa kweli. Miguu ya nyuma ya beberu ilikuwa imetoboa sakafu, imetokea chini, na kwa kuwa foleni ilikwenda polepole, mnyama alikuwa akitembea nayo bila wasiwasi wowote. Gari liliposimama, naye akasimama. Hakuumia hata ukwato. Iliwachukua watu wanne kumtoa, na alipotoka alimtazama Dereva kama mtu aliyekatiwa tiketi ya daraja la juu akakalishwa la chini.

Askari hakufoka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Aliandika kwa utaratibu kwenye karatasi kwamba pikapu hiyo isionekane barabarani mpaka bodi libadilishwe lote. Alipofika mahali pa kuandika kosa alikaa akifikiri, akauliza kama miguu minne ya kwato ihesabiwe au hapana. Kisha akajijibu mwenyewe kuwa iliyotoka ni miwili.

*

Mkewe alikuwa msusi, chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa saluni, na habari ilimfikia kabla ya mume. Alipomwona anaingia na karatasi mkononi aligeukia kichwa cha mteja akajifanya anatafuta chanuo, mabega yakimtetemeka. Baadaye, walipobaki wawili, alifuta machozi na kumuuliza sasa tunafanyaje, maana gari lisipotembea na wao hawatembei.

Dereva alimwita fundi wa kuchomelea. Fundi alilisogelea bodi akalichoma kwa kidole, na kidole kikapita. Akajaribu mahali pengine, kikapita. Akajaribu pale penye rangi ya kucha, kikagoma, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akataja bei ya bodi jipya la chuma. Dereva alimwambia taratibu kwamba ameuliza bodi, hajauliza nyumba. Fundi alisema chuma ndicho kilivyo siku hizi, akanywa chai aliyokaribishwa, akaenda zake.

"Kuna Baba," mkewe alisema.

Dereva alikuwa ameliogopa jambo hilo tangu asubuhi.

Baba yake mkewe alikuwa seremala wa vitanda. Kwa miaka arobaini hakutengeneza kitu kingine, wala kiti, wala kabati. Karakana yake ilifungwa mwaka uliopita baada ya watu kuanza kununua vitanda vya kukunja madukani, naye akahamia chumba cha uani kwa binti yake pamoja na sanduku la vifaa. Watu walimwita Msasa, kwa sababu mkono wake haukuweza kukaa bila kusugua kitu. Tangu ahamie alikuwa amesugua mpini wa ufagio, miiko yote ya jikoni, na rula za wajukuu zake mpaka namba zikafutika zote, na mwalimu akaandika barua. Alikuwa mpole, msemaji wa maneno machache, na Dereva alimheshimu kiasi kwamba mpaka leo hakuwahi kukohoa mbele yake.

Walikwenda wote wawili kumwona. Dereva aliamkia, akaeleza. Alirudia mara tatu kwamba ni bodi la kubebea kokoto tu, mbao nne za kuzunguka na za sakafu, likishika mzigo basi.

"La kokoto," alisema Msasa.

"La kokoto, baba. Na samadi."

"Nimesikia, mwanangu." Mkono wake ulikuwa umeshafungua sanduku.

*

Kuling'oa bodi kuukuu hakukuwa kazi. Lilishikiliwa na bolti nane, na sita kati yake zilikuwa zimegeuka unga. Dereva alipogusa ya saba kwa spana, bodi lilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, likaanguka lote, likatawanyika. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani, akatazama, akaomba ufagio.

Mbao ngumu zilipatikana kwenye jengo moja la zamani lililokuwa likibomolewa. Msasa alifunga turubai uani, akasema asisumbuliwe. Kwa wiki mbili ilisikika randa, ikasikika nyundo, na zaidi ya yote ikasikika sauti ya kusugua. Msasa alibadilika. Alianza kula vizuri. Binti yake alimsikia akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu karakana ifungwe, akamwambia mumewe kuwa hata likitoka bodi bovu, kwake tayari limelipa.

Halikutoka bovu. Turubai lilipovuliwa, Dereva alirudi nyuma hatua moja.

Pande zake zilikuwa zimechongwa maua, yamepandana kutoka kona hadi kona, kila jani na mishipa yake. Pembe nne zilikuwa na nguzo za mviringo zenye vichwa kama vitunguu. Nyuma ya kibanda cha dereva palisimama ubao mpana wa kichwani, kama wa kitanda cha maharusi, umechongwa njiwa wawili wanaotazamana. Vanishi ilikuwa imepigwa mara tano, na Dereva alipoinama aliuona uso wake mwenyewe sakafuni, mdomo wazi.

"Tano kwa sita," Msasa alisema. "Ndicho kipimo ninachokijua mimi. Imebaki futi moja hapo mbele, utaweka tairi la akiba."

Majirani walijaa. Mmoja aliuliza kama linauzwa na godoro lake. Mwingine, aliyekuwa anatarajia kumwozesha binti yake, alitaka kujua kama linaweza kutolewa garini. Walilifunga kwenye chasi kwa bolti mpya na Dereva akalipeleka kukaguliwa. Askari yule yule alilizunguka mara mbili. Aliruka juu yake, akasimama, akarukaruka, halikulia hata kidogo. Alitafuta kosa, akakosa. Alisoma kanuni zake ukurasa kwa ukurasa, hakuona palipokatazwa njiwa. Mwishoni alichana ile karatasi, na kabla ya kushuka akapangusa kwa leso mahali alipokanyaga.

Dereva angepaswa kujua hapo hapo kuwa mambo yameharibika. Mtu aliyevaa buti za serikali alikuwa ameona haya kukanyaga.

*

Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja aliyejenga vyumba vya kupangisha, na kila mtu alimwita Mama Mjengo. Alikuwa amesubiri kokoto kwa wiki tatu. Dereva alimwambia mzigo utafika siku hiyo hiyo, akaenda machimboni.

Wapakiaji walikuja na makoleo yao. Walipoliona bodi walisimama, mmoja akavua kofia. Aliyekuwa mbele alichota koleo la kwanza, akaliinua. Dereva alitazama kokoto zile, zenye ncha kama meno. Akatazama sakafu. Akamkumbuka baba mkwe wake, namna alivyokuwa akipitisha kiganja juu ya mbao kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Subiri kwanza," alisema.

Alitandika mfuko, akauona mdogo. Alitandika koti lake. Wapakiaji walisubiri na makoleo hewani, wakaanza kuumwa mikono. Mwishowe aliwaambia amesahau kitu nyumbani, akawasha gari. Mama Mjengo alimpigia simu, Dereva akamjibu kuwa injini imechemka. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne alisema tairi. Jumatano alisema tumbo, na hilo halikuwa uongo kabisa.

Akawa anatoka asubuhi na pikapu tupu, anazunguka, anarudi na pikapu tupu. Akifika nyumbani analifuta vumbi bodi kwa kitambaa laini, kisha analifunika kwa mashuka. Alianza na shuka kuukuu. Ilipofika Alhamisi lilikuwa limefunikwa shuka la maua la wageni na foronya kwenye kila nguzo.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa macho ya mzee. Msasa alikuwa ameacha kupiga mluzi. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, mikono imelala magotini bila kusugua chochote, na kila Dereva alipokaribia gari na koleo, hata kama ni kulihamisha tu, macho ya mzee yalimfuata. Dereva alilirudisha koleo stoo kama mwizi aliyefumaniwa.

Siku ya Ijumaa sukari iliisha, na mkewe hakuwa tena na mabega ya kutetemeka kwa kicheko. Alimwambia amesuka vichwa saba siku hiyo, vidole vimevimba, na mume wake ameleta nini. Dereva alijitetea. Alisema mzee ametoa wiki mbili za maisha yake kwenye zile mbao, sasa yeye, mkwe, amwage kokoto juu ya njiwa mbele ya macho yake? Kwa uso gani?

"Tulikuwa na gari bovu linafanya kazi," mkewe alisema. "Sasa tuna gari zuri linalalia mashuka yangu. Kesho likiwa bado limelala hapo, mimi nalala humo, na wewe utabaki na kitanda chako."

*

Asubuhi ya Jumamosi Mama Mjengo alikuja mwenyewe. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akatazama pikapu iliyotandikwa, akatazama foronya moja moja. Alisema mafundi wake wanne wamekaa wanacheza karata kwa gharama yake. Alisema amepata mtu mwingine mwenye lori, na kama kokoto hazijafika saa sita, basi yeye na Dereva watakuwa wanasalimiana tu njiani. Alitaka jibu hapo hapo, la ndiyo au hapana, na asitajiwe tumbo.

Dereva alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, aliyekuwa mlangoni na chanuo mkononi. Alimtazama mzee.

Msasa aliinuka kwenye kigoda. Alikuja polepole mpaka kwenye gari, akainua pembe ya shuka.

"Mwanangu," alisema, "kazi yangu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, baba."

"Basi mbona unaifunika? Wiki nzima nakutazama. Unatoka gari tupu, unarudi gari tupu, ukifika unaificha. Kama ni aibu niambie. Mimi ni mtu mzima, nitaivunja nikuwekee mbao za kawaida. Ulisema kokoto. Nilisikia. Mkono ndio ulinishinda, haujui kutengeneza kitu cha kawaida."

"Si aibu, baba. Ni kwamba naogopa kuichubua."

Mzee akawa kama mtu anayetafsiri lugha ngeni kichwani. "Kuichubua."

"Kila nikishika koleo unanitazama. Nikajua unaihurumia."

"Nilikuwa nasubiri upakie," alisema Msasa.

Mama Mjengo alishusha mkono mmoja kiunoni.

"Vitanda nimetengeneza sijui mia ngapi," mzee aliendelea, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba. "Unakipeleka mpaka kwa mwenyewe, unakiunga chumbani, wanakushukuru, wanafunga mlango. Basi. Miaka arobaini sijawahi kukiona hata kimoja kikifanya kazi. Huwezi kumuomba mtu ukamwone amelala. Nikasema hiki cha sasa kitafanya kazi peupe, barabarani, nikione. Na wewe ukakitia mashuka."

Aliingia chumbani kwake, akatoka na patasi na nyundo. Alilivua bodi mashuka yote, akayakunja moja moja, akamkabidhi binti yake. Kisha akachagua ua kubwa kuliko yote, lile la katikati ubavuni, ambalo Dereva alijua limemchukua siku mbili, akaweka patasi juu yake na kupiga. Kibanzi kirefu kiliruka kikamwangukia Mama Mjengo kifuani. Pakabaki mfereji mweupe, kama kovu la shavuni, umekata ua kutoka juu hadi chini.

Binti yake alifunika mdomo. Dereva alishika ukingo wa gari.

"Haya," mzee alisema, "nimelichubua mimi. Wewe huna kosa tena. Kapakie."

Mama Mjengo alikitoa kibanzi kifuani, akakitazama, akakitia kwenye pochi. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo aliposema kuwa yeye kimsingi alichokuwa anataka ni kokoto.

*

Msasa alikwenda na Dereva machimboni, amekaa mbele karibu na dirisha. Wapakiaji walichota tena, wakainua, wakasubiri tena waambiwe wasubiri. Dereva alimtazama mzee. Mzee alitikisa kichwa kukubali.

Koleo la kwanza lilitua kwa mlio wa kukwaruza uliompita Dereva kwenye meno. Msasa alifumba macho. Likaja la pili, la tatu. Kufika la kumi alikuwa ameyafumbua, na kufika la ishirini alikuwa ameshuka na kuanza kuwagombeza wapakiaji kwamba wanarundika katikati, kwani pembeni wanamwachia nani, mbao zile zimeungwa kwa meno, hazikuungwa kwa misumari, zinaweza kubeba hata wao wenyewe. Wapakiaji walijaza pembeni. Mzee akasema bado. Wakajaza tena, mpaka njiwa wakaonekana vichwa tu, kama wanaoogelea.

Safari ya kurudi haikudondosha punje. Yule bwana wa beseni alikuwa amesimama kando ya ukuta wake, akawatazama wakipita wasimwachie kitu, akawapungia mkono kwa huzuni. Saa sita ilikuwa bado haijagonga Mama Mjengo alipoanza kuwahesabia mafundi wake makoleo.

Kokoto zilipokwisha kushushwa, Msasa alipanda juu ya bodi. Dereva alibaki chini, roho mkononi. Vanishi ilikuwa imekwisha habari yake. Sakafu ilikuwa na mikwaruzo ya kila aina, mirefu na mifupi, imekatizana, na nguzo moja ilikuwa imepoteza kitunguu. Mzee alipiga magoti. Alipitisha kiganja taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akasimama mahali, akarudia, kama anayesoma. Alikaa hivyo hata mafundi wakaanza kutazamana.

"Baba," Dereva aliita. "Vipi?"

"Inafanya kazi," alisema mzee. Akashuka, akajipangusa magoti. "Mchana kuna mzigo gani?"

Dereva alisita. "Samadi, baba."

"Ya ng'ombe au ya kuku?"

"Ya kuku."

Msasa alifikiri. "Ya kuku inakula mbao," alisema.

Dereva alimwambia haraka kwamba wanaweza kuiacha, mteja yule si wa lazima, atatafuta mzigo mwingine wa heshima kidogo. Lakini mzee alikuwa ameshapanda mbele, amefunga mlango, na ametoa kiwiko nje ya dirisha. Akamwambia awashe gari, asimcheleweshe.